Land Rover ya marehemu mzee: stelingi ngumu na bado inacheza, vipi?

NahodhaWaNchiKavu
Asalam aleikum wana jamvi, na wasiokuwa waislamu hamjambo. Nisaidieni kabla sijaisukuma hii gari baharini iwe nyumba ya pweza. Ni Land Rover 109 Series III ya 1978, ya marehemu babangu, kazi yake ni kubeba samaki kutoka Ngomeni mpaka Malindi sokoni, wakati mwengine nafika nayo Watamu. Stelingi imelegea. Nikiwa nimenyoosha barabara ya Mambrui natikisa usukani kushoto kulia upana wa vidole vinne gari haijui hata kama nimeigusa, alafu ghafla inashika na inaenda zaidi ya vile nilivotaka, sa inabidi nirudishe, na kurudisha nako ni vidole vinne. Juzi kwenye daraja la Sabaki kusi linapiga ubavuni na lori la chumvi linakuja mbele yangu, linarudi tupu Gongoni, wallahi nilisoma shahada.

Fundi wangu (simtaji) akabadilisha tairodi endi nne (zile jointi za ncha za fimbo za stelingi), mpya za boksi, nikatoa elfu kumi na nne na ufundi juu. Mchezo ukabaki pale pale. Nikamrudia, akakaza ile skurubu ya kwenye boksi ya stelingi. Sasa ndo balaa lenyewe, imekuwa ngumu, nikipinda kona haitaki kurudi yenyewe mpaka niirudishe kwa mkono, na ikinyooka BADO inacheza. Kitu kimoja kinakuwaje kigumu na kilegevu kwa pamoja??

pikipiki_tu
Uza, nunua Probox, lala 😂

NahodhaWaNchiKavu
Probox utaibeba wewe mgongoni kwenye mchanga wa Ngomeni?

kijana_wa_Muyeye
Bro weka dampa ya stelingi, ile kama shokapsoba inalala mbele. Mimi niliweka kwenye Suzuki yangu ya zamani ikatulia kabisa hata hausikii kitu

FundiSpana17
Kijana wa Muyeye, hilo la "hausikii kitu" ndo baya. Dampa kazi yake ni kupoza mtikisiko wa tairi kwenye mawe usikufike mikononi. Kitu kikiwa kimelegea dampa itakificha, utaendelea kuendesha kwa raha mpaka siku kitoke. Angalia ile yako tena.

Nahodha, swali lako ni zuri na jibu lipo. Ngumu na legevu zinakaa pamoja kama ni vitu viwili. Ugumu uko mahali pengine na kulegea kuko mahali pengine. Fundi wako kakutengenezea ugumu kwenye boksi, na mchezo uliokupeleka kwake hajaugusa.

Nieleze boksi kwanza. Ndani mna skurubu ndefu iliounganishwa na usukani wako, juu yake inatembea nati, na kati ya nati na skurubu kuna goroli zinazunguka. Ile nati inasukuma shafti fupi inayotoka nje, na hiyo ndo inageuza mkono wa chini. Boksi za namna hii kawaida zinabana kidogo zaidi zikiwa katikati, magurudumu yamenyooka, na zinalegea kidogo ukipinda. Zimetengenezwa hivo makusudi. Sa nakuuliza, siku fundi alipokaza ile skurubu, tairi zako zilikuwa zimenyooka au zimepinda?

NahodhaWaNchiKavu
Zimepinda ami. Gari ilikuwa imeegeshwa na tairi limekaa kwenye ukingo wa mtaro, akasema hapo ndo anapata nafasi ya kuingiza mkono.

FundiSpana17
Basi ndo hilo. Kakaza pahali palipo na nafasi, akamaliza ile nafasi yote. Ukirudi katikati hakuna pa kupumua, goroli zinabanwa. Ndo maana haitaki kurudi yenyewe. Usiiendeshe hivo siku nyingi, itajila ndani.

Legeza ile loknati (nati inayoizuia skurubu isizunguke), rudisha skurubu nyuma robo mzunguko mpaka usukani uwe mwepesi, uiache hapo kwanza. Usitafute mchezo kwenye boksi bado. Boksi inaguswa mwisho, vyengine vyote vikishahakikishwa. Hapa mjini kila mtu anaanza na boksi kwa sababu ndo yenye skurubu ya kuzungusha.

Alafu la pili. Gari yako ina jointi sita sio nne. Mbili za fimbo inayounganisha magurudumu, mbili za fimbo inayotoka rilei kwenda gurudumuni, na mbili za ile fimbo ndefu inayotoka kwenye boksi kuja mbele kwenye rilei. Yeye kabadilisha nne za mbele kwa sababu zinaonekana. Mbili za juu je?

NahodhaWaNchiKavu
Hizo hakuzitaja hata kwa bahati mbaya. Rilei ndo ipi?

MokoweMpakaWitu
Asalam aleikum. Rilei ni ile silinda imesimama ndani ya chuma cha mbele cha chesisi, mkono mmoja juu mkono mmoja chini. Boksi iko nyuma karibu na miguu yako, magurudumu yako mbele, sa rilei ndo inapokea huku inapeleka huku.

NA TAFADHALI usiifungue wewe mwenyewe nyumbani. Ndani mna springi imebanwa kwa nguvu na bushi za vipande vipande. Mimi yeo nina alama kwenye dari ya karakana ya shemeji yangu hapa Mokowe, springi ilipiga mabati ikatoboa ikarudi chini ikavunja dumu la maji. Kichwa changu kilikuwa hapo dakika moja nyuma. Kama ni oili tu, fungua bolti mbili za kifuniko cha juu, moja unatilia oili nzito ya EP90 na tundu la pili linatoa hewa, polepole kwa sirinji, inachukua mda. Ikiwa kavu miaka mingi huwa inashikana na hapo gari inakuwa ngumu bila sababu.

pikipiki_tu
Lamu mna gari? Si mko na punda tu

MokoweMpakaWitu
Kisiwani punda, Mokowe ni bara ndugu yangu. Na punda hana rilei, hapo umeshinda.

bi_Zena_Barani
Jamani samahani kuingilia uzi. Mimi nina Noah, si ya zamani sana, stelingi ni ya pawa. Nikipita matuta inagonga "kok kok" chini upande wa kushoto na inavuta kidogo. Ni ugonjwa huu huu?

FundiSpana17
Dada Zena hapana, yako ni raki (fimbo ya meno), haina boksi. Hio kok kok anza na linki za stabilaiza, ni rahisi na huwa ndo zinaanza kufa, alafu rak endi, alafu bushi zinazoshika raki yenyewe. Kuvuta angalia upepo wa tairi kwanza kabla hujampa mtu yeyote pesa. Fungua uzi wako tutakujibu huko, hapa tutachanganya watu.

bi_Zena_Barani
Sawa kaka, ahsante. Upepo nitaangalia kesho asubuhi.

FundiSpana17
Haya Nahodha turudi. Hii njia haitaki pesa, inataka mtu wa pili tu. Gari ISIPIGWE jeki, isimame na uzito wake, tairi zimenyooka, injini imezimwa, breki ya mkono, jiwe nyuma ya tairi. Mtu akae kwenye usukani atikise kushoto kulia, kidogo kidogo, ndani ya ule mchezo tu, asifikishe mpaka tairi ligeuke. Wewe lala chini. Usiangalie tu, SHIKA. Kiganja kizibe jointi nusu huku nusu kule. Jointi nzima, pande zote mbili zinakwenda pamoja. Iliokufa, upande mmoja unakwenda na mwengine unasubiri, utausikia mkononi kabla jicho halijaona. Anza juu kwenye usukani ushuke hatua moja moja mpaka gurudumuni. Mahali ambapo kabla yake kuna mwendo na baada yake hakuna mwendo, hapo ndo mgonjwa wako alipo.

Baada ya hapo ndo upige jeki. Shika tairi saa tatu na saa tisa, tikisa, hizo ni jointi za pembeni. Shika saa sita na saa kumi na mbili, tikisa, hizo ni beringi za gurudumu au kingipini (zile pini gurudumu linazungukia likipinda). Mwambie mtu akanyage breki, ikiacha kutikisika ni beringi, ikiendelea ni kingipini.

pikipiki_tu
Saa tatu ya Kiswahili ama ya Kizungu 😂😂

FundiSpana17
Umeuliza kwa mzaha lakini hesabu mwenyewe. Saa tatu yetu ni pale wao wanapoita tisa, na saa tisa yetu ndo tatu yao. Juu na chini vivyo hivyo. Mikono inakwenda pale pale.

pikipiki_tu
Astaghfirullah nimekaa dakika tano naangalia saa ya ukutani. Ni kweli

NimerudiNyumbani
Naongezea kitu kuhusu vidole vinne. Nilikaa Uingereza miaka, gari kule zinakaguliwa kila mwaka na wana kipimo: usukani wa kipenyo cha milimita 380, kama stelingi ni ya raki mchezo ukizidi milimita 13 unafeli, kama ni ya boksi ukizidi 75 unafeli. Boksi inaruhusiwa zaidi kwa sababu ina viungo vingi, kila kimoja kina mchezo wake kidogo. Sa Nahodha pima vidole vyako.

NahodhaWaNchiKavu
Nimepima kwa rula ya mtoto ya shule. Vidole vinne vyangu ni sentimita 8. Nimefeli.

Kesho baada ya alasiri nalala chini, mtoto wangu wa darasa la saba atakaa kwenye usukani. Amefurahi kuliko mimi.

MokoweMpakaWitu
Ukipiga jeki usitie jiwe la matumbawe chini ya chesisi kama tulivozoea huku pwani. Lile jiwe linaonekana gumu lakini likipata uzito pahali pamoja linapasuka na haliambii. Tia stendi, ama gogo la mti mgumu.

NahodhaWaNchiKavu
Wazee. Wazee wangu. Nina habari, mkae.

Nimelala chini na kikoi changu cha kazi, kijana yuko juu anatikisa. Nikaanza kushika kutoka mbele kwa sababu ndo naona (ami Spana nisamehe, ulisema nianze juu). Zile jointi nne mpya ziko sawa, hata mchezo wa nywele hakuna. Nikashika fimbo ndefu, jointi ya mbele sawa, ya nyuma mpira umechanika lakini haijalegea sana. Nikasema basi ni boksi kweli. Nikafungua lile bati la tope ndani ya madigadi la kulia nione vizuri, nikamwambia kijana endelea.

Kukawa kunanidondokea kitu machoni. Unga. Unga mwekundu mwembamba kama pilipili ya kusaga, kila akitikisa unashuka kidogo. Nikafuta macho nikaweka kiganja juu ya boksi YENYEWE, sio kwenye mkono wake, mwili wa boksi. Boksi inakwenda!! Boksi nzima inanyanyuka na kushuka, kama unene wa kisu. Usukani unazunguka, boksi inapanda kwanza, ikifika mwisho wa kupanda ndo mkono wa chini unaanza kusogea. Yaani nilikuwa nageuza boksi kabla ya kugeuza gari.

Imeshikwa na braketi kwenye chesisi, bolti ziko lakini zinacheza ndani ya matundu. Nilinyamaza pale chini mda mpaka kijana akaniuliza baba umelala?

FundiSpana17
Mwanangu, ule unga uuone leo na usiusahau. Unga mwekundu mkavu unaotoka pembeni ya bolti maana yake chuma kinasugua chuma. Kutu ya kawaida inakaa pale pale imeganda, haidondoki. Ukiona unga, hapo kuna mwendo usiotakiwa, hata kama bolti ukiishika kwa spana inaonekana imekaza.

Na sababu nadhani unaijua. Maji ya barafu ya samaki yanashuka na chumvi yake kwenye chesisi, alafu mnaiosha kwa maji ya kisima ambayo nayo ni chumvi. Gari za hapa Malindi sizipendi chini, wallahi, juu zinang'aa chini ni biskuti.

Sasa sikiliza. Usikaze tu zile bolti ukaondoka. Matundu yameshakuwa mayai, utakaza leo, wiki mbili limerudi. Toa braketi yote, isugue kwa burashi ya waya mpaka chuma kionekane, uangalie kama imepasuka. Matundu yachomelewe yajazwe alafu yatobolewe upya kwa kipimo cha bolti. Tia bolti ngumu, zenye alama 8.8 kichwani, na nati za kujifunga, sio zile laini za kufungia mageti. Na chesisi pale inapokaa, igonge kwa nyundo ndogo. Ikilia vizuri, sawa. Ikizama, usiendelee, hapo panakatwa na kuwekwa bati jipya kwanza.

Mtu wa kuchomelea akitaka kuchomelea kitu kikiwa bado kwenye gari, toa waya za betri na za alteneta. Na mikono ya stelingi yenyewe, fimbo, zile za chuma cha kufuliwa, HAICHOMELEWI. Mtu akikwambia nitaipiga moto kidogo inyooke, mpe salamu uende zako.

kijana_wa_Muyeye
Sa yule fundi alibadilisha nne nzima bure??

FundiSpana17
Sijamwona sitamhukumu. Lakini mtu akiuza kitu bila kukishika kwanza huwa inakwenda hivo.

NimerudiNyumbani
Na mimi nimegundua kitu, naomba nitubu hadharani. Yangu mimi (Land Rover 88, ile fupi, petroli) ilikuwa inatangatanga barabarani kama ng'ombe wa Garsen, jointi zote mpya, boksi safi. Kumbe niliinua mbele kwa kuweka sheko ndefu za springi (vile vyuma vinavyoishika springi kwenye chesisi) ipendeze. Sheko ndefu inazungusha eksili, ule mlalo wa kingipini wa digrii 3 ukapungua. Ni kama baiskeli ya Black Mamba, uma wake umelala mbele ndo maana unaachia mikono na inakwenda yenyewe. Ukiusimamisha wima uone kama utaachia mikono. Nimerudisha sheko za kawaida, imetulia. Haipendezi lakini inafika.

MokoweMpakaWitu
Hapo kuna jengine pia. Kingipini zikiwa zimekazwa sana nazo zinafanya gari isirudi. Mvuvi mmoja hapa alinionesha, ukishatoa fimbo zote gurudumu likiwa juu, ananasa mizani yake ya samaki kwenye mkono wa stelingi anavuta, anasoma kilo ngapi mpaka uanze kwenda. Kulia na kushoto zikaribiane, na namba yenyewe iko kwenye kitabu cha gari. Mizani ile ile ya changu na tewa.

NahodhaWaNchiKavu
Mrejesho, wiki moja na siku mbili baadae.

Braketi ilikuwa imepasuka kweli, ufa mdogo kwenye kona, hauonekani mpaka iliposuguliwa. Imechomelewa ikatobolewa upya, chesisi ililia vizuri alhamdulillah. Bolti mpya 8.8. Zile jointi mbili za fimbo ndefu nimebadilisha, na splitipini (vipini vya kuzuia nati isifunguke) mpya kila mahali kwa sababu moja nilikuta ni MSUMARI umekunjwa. Msumari! Nimeuweka kwenye dasibodi kumbukumbu. Rilei nimeitilia oili kwa sirinji, ikanywa, nikaongeza, ikanywa tena, nilikaa nayo magharibi yote.

Boksi nimeifanya mwisho kama ulivosema ami. Nilitoa fimbo ndefu kwenye mkono wa boksi, nikahesabu mizunguko ya usukani kutoka mwisho mpaka mwisho, nikarudi nusu, hapo ndo nikakaza skurubu taratibu mpaka mchezo ukaisha bila kubana, nikashika skurubu isizunguke nikafunga loknati. Nikazungusha tena mwisho mpaka mwisho, laini.

Alafu tairi. Sikwenda kwenye mashine. Nilipiga alama ya chaki katikati ya tairi zote mbili za mbele, nikapima na kijana kwa tepu, mbele alafu nikasogeza gari ile alama ije nyuma nikapima tena. Kitabu kinasema mbele pawe pembamba kuliko nyuma kwa milimita 1.2 mpaka 2.4. Mimi zilikuwa 9! Zinaangaliana kama watu wamegombana wanataka kupatana. Fimbo ina nyuzi za kulia upande mmoja na za kushoto upande mwengine, ukilegeza klampu ukaizungusha yenyewe inajirefusha au kujifupisha. Tumefika 2, tukafunga.

Jana nimetoka Ngomeni na mzigo. Mchezo uliobaki ni kidole kimoja, labda na robo. Kwenye daraja la Sabaki kusi lilikuwa lile lile.

FundiSpana17
Kidole na robo kwa Series III ni sawa, usitafute sifuri, ukiitafuta utabana boksi tena. Baada ya kilomita mia tano rudi ukaze zile bolti, chuma kipya kinakaa. Na chini osha kwa maji matamu hata mara moja kwa wiki, nunua dumu mbili.

pikipiki_tu
Sa unauza bei gani

NahodhaWaNchiKavu
Siuzi.

MokoweMpakaWitu
Nimelala chini ya yangu sahizi na tochi ya simu. Unga mwekundu upo. Kidogo lakini upo. Ami Spana, huyo wa kuchomelea wa Malindi anapatikana Jumamosi?

FundiSpana17
Anapatikana, njoo inbox nikuelekeze. Lakini toka huko alfajiri uje mwendo wa punda, na kama boksi inanyanyuka zaidi ya ile ya Nahodha usije nayo, toa braketi uipakie kwenye basi.